Kila Kichwa Kifanye Kazi: Mwongozo wa Michezo, Mafumbo na Vichangamsho kwa Darasa Kubwa

Mwalimu akiandika hesabu ubaoni mbele ya wanafunzi 80, kisha akamwita mmoja aje kuifanya, mtoto mmoja anafikiri na 79 wanautazama mgongo wake. Michezo mingi tunayoifanya madarasani ina kasoro hiyo hiyo. Karatasi inafinyangwa ikawa mpira, inarushwa, aliyeidaka anaulizwa swali, darasa zima linacheka. Waliosalia wanachofanya ni kuomba mpira usiwafikie.

Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenzangu wa Unguja au Pemba, wa msingi hata wa sekondari, mwenye darasa kubwa, ubao na chaki, na pengine si zaidi ya hapo. Kipimo nitakachokitumia tangu mwanzo hadi mwisho ni kimoja: kwa dakika hii, ni watoto wangapi wanalifikiria somo? Mchezo unaofanya vichwa 80 vifikiri kwa pamoja una thamani ya kula dakika 20 za kipindi. Ule unaofikirisha mtoto mmoja mmoja kwa zamu bora uachwe kwa siku ya mahafali.

Madarasa yetu yamejaa kwa sababu inayojulikana. Tangu tarehe 23 Septemba 1964, elimu Zanzibar ilipotangazwa kuwa bila malipo, watoto wamekuja skuli, na vyumba havikuweza kuongezeka kwa kasi ile ile. Ndiyo maana skuli nyingi zimekuwa na wanafunzi wa asubuhi na wa mchana katika vyumba vile vile. Kwa hiyo mbinu yoyote inayotaka meza za duara na watoto 20 haitufai, hata ikiwa imeandikwa vizuri namna gani.

Hatua ya kwanza: anza na somo, mchezo uje baadaye

Usianze kwa kujiuliza "leo tucheze nini?" Andika kwanza sentensi moja: mwisho wa kipindi mtoto aweze kufanya nini. Kwa mfano, "aweze kujumlisha nusu, robo na thumni", au "aweze kutambua nomino zinazoanza na ki- lakini ziko katika ngeli ya A-WA". Sentensi hiyo ikishakaa sawa, tafuta mchezo ambao mtoto hawezi kupiga hatua hata moja bila ya kukifanya kitendo hicho.

Hapo ndipo pa kupimia. Chukua mchezo wako na ujiulize: mtoto anaweza kushinda bila ya kuligusa somo? Akiwa anaweza kushinda kwa mbio, kwa sauti kubwa au kwa bahati tu, basi somo limebandikwa juu ya mchezo. Litabanduka. Akiwa kila hatua inamtaka ajumlishe, apange, alinganishe au aeleze, endelea.

Hatua ya pili: vifaa

Vizibo vya soda, kokoto, komwe, mbegu za ukwaju, vifuu vya nazi, maboksi ya dukani, kalenda za mwaka uliopita. Watoto wenyewe wataleta kwa siku mbili ukiwaomba. Boksi la biskuti likikatwa vizuri linatoa kadi nyingi, na upande wa nyuma wa kalenda ni mweupe na mgumu, unavumilia kalamu ya wino mzito.

La kuzingatia ni idadi. Ukiwa na watoto 80 katika makundi ya watu 4, unahitaji seti 20, wala usijidanganye kwamba 10 zitatosha kwa kupokezana. Kata kadi pamoja na wanafunzi wa darasa la juu mchana mmoja, au mpe kila mtoto azikate zake nyumbani kwa kipimo ulichomchorea. Tia alama moja nyuma ya kila kadi ya seti moja: nyota, duara, herufi. Kadi ikiokotwa chini ya dawati utajua kwao ni wapi. Bila alama hizo, seti zote zitakuwa zimechanganyika kabla ya wiki kwisha na utaziacha kabatini.

Hatua ya tatu: vichangamsho, hasa siku za mwanzo

Kichangamsho kina kazi mbili: watoto wajuane, na midomo ifunguke kabla somo halijaanza. Dakika tano zinatosha. Kikizidi hapo kimekuwa kipindi.

Ninachokipenda zaidi kwa Kidato cha Kwanza, wanapokutana watoto waliotoka skuli mbalimbali, ni kupanga mstari wa kamusi. Watoto wa kila safu ya madawati wanajipanga kwa alfabeti ya majina yao, bila ya kusema, kwa kuonyeshana majina waliyoyaandika kwenye karatasi. Katika skuli zetu hautapita muda kabla ya kuwakuta akina Fatma watatu na akina Khamis wanne katika safu moja. Itabidi waende kwenye jina la baba, na wakilingana hapo pia, waende kwa babu. Wakimaliza wamejuana majina matatu matatu, na wamejifunza kamusi inavyopanga maneno yenye mwanzo mmoja. Siku utakayowafunza kutafuta neno katika kamusi, wakumbushe akina Fatma wale.

Kingine ni ule mchezo wa "nyama, nyama" ambao kila mtoto anaujua: kiongozi anataja mnyama, akiwa analiwa wote wanaitikia "nyama!", akiwa haliwi wanakaa kimya, na aliyeitikia amenaswa. Uhamishe kwenye somo. Badala ya mnyama taja namba, na darasa liitikie pale tu inapokuwa namba tasa: 7, 11, 15, 2, 23, 51. Watakaonaswa kwenye 2 ni wale wanaodhani kila namba shufwa inakataliwa, na watakaonaswa kwenye 51 hawajakumbuka kwamba 3 mara 17 ni 51. Au taja visiwa na waitikie vya upande wa Pemba tu: Kojani, Fundo, Tumbatu, Kisiwa Panza, Uzi. Au nomino za ngeli ya KI-VI: kisu, kisima, kikombe, kipepeo, kijana. Kwenye kipepeo utasikia sauti nyingi, na hapo simama uulize: tunasema "kipepeo kimeruka" au "kipepeo ameruka"?

Nina mabadiliko mawili katika mchezo huu, na nayaona ya lazima. La kwanza, wasitumie sauti. Mtoto mjanja husikiliza wenzake kisha akafuata. Wafumbe macho, kila mmoja aweke mkono juu ya dawati: kiganja wazi maana yake ndiyo, ngumi maana yake hapana. Kwa mtazamo mmoja unaona darasa zima linafikiri nini. La pili, aliyekosea asitolewe mchezoni. Michezo ya kutoana ina ubaya mmoja mkubwa darasani: wa kwanza kutoka ni yule aliyehitaji mazoezi zaidi, na anayebaki hadi mwisho ni yule aliyekuwa anajua tangu alipotoka nyumbani.

Kwa kuwapanga watoto wawili wawili, tumia methali zilizokatwa katikati. Mmoja anapewa "Mtaka cha mvunguni", mwingine "sharti ainame". Mmoja "Mchagua jembe", mwingine "si mkulima". Kila mtu anamtafuta mwenzake, wanakaa pamoja, na hapo hapo umekwisha pata majozi ya kufanyia kazi.

Yapo ya kuchunga. Watoto wa sekondari wa kiume na wa kike usiwalazimishe kushikana mikono. Haina faida yoyote kwa somo na itakugombanisha na wazee. Mchezo wa kuruka na kuinama haumfai msichana aliyevaa mtandio na kanzu ya skuli mbele ya wavulana. Mwezi wa Ramadhani acha kabisa ya kukimbia na kupiga kelele. Huo ni mwezi mzuri wa mafumbo ya kukaa na kuwaza. Na usiulize maswali ya "kila mtu aseme zawadi aliyopata sikukuu" au "baba yako anafanya kazi gani". Darasani mwako wamo mayatima, na wamo ambao Idi ilipita bila ya nguo mpya. Uliza watu wanapenda nini, wanaweza nini, wameona nini njiani asubuhi.

Hatua ya nne: kitendawili kiwe chombo cha kusomeshea

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hiki ndicho chombo chetu chenye nguvu kuliko vyote, hakigharimu kitu, na tunakitumia kidogo mno. Tunakiweka katika kipindi cha Kiswahili chini ya "fasihi simulizi", watoto wanakariri vitendawili kumi na majibu yake, mtihani unapita. Wakati huo huo mwalimu wa sayansi chumba cha pili anahangaika watoto wakariri maana ya uvukizaji.

Kitendawili ni maelezo ya kitu kwa sifa zake bila ya kukitaja. Anayetega analazimika kuzijua sifa hizo vizuri, na anayetegua analazimika kuzilinganisha na kila anachokijua. Somo la sayansi au jiografia halitaki zaidi ya hayo. Kwa hiyo geuza kazi: usiwape watoto vitendawili wavitegue, waache wavitunge.

Fanya hivi. Baada ya kusomesha mada, wagawe wawili wawili na kila jozi ipewe neno moja la mada kwa siri, kwenye kikaratasi. Wana dakika sita kutunga kitendawili chenye masharti matatu: kila sifa iwe ya kweli, neno lenyewe lisitajwe, na kisiwe na majibu mawili. Waonyeshe mifano yako kwanza. Kwa mzunguko wa maji: "Naondoka baharini bila ya chombo, narudi kwa kuanguka." Kwa hisabati: "Hunigawi bila ya baki ila kwa mmoja au kwa mimi mwenyewe." Kwa kilimo: "Akichanua bei imemkimbia", na mtoto yeyote wa Pemba aliyewahi kuchambua karafuu na mama yake atakuambia kwamba karafuu huchumwa ikiwa tumba.

Kisha jozi mbili zinakutana. "Kitendawili!" "Tega!" Wenzao wanapewa nafasi tatu. Hapa sharti la tatu ndilo lenye kazi. Mtoto atatunga, "Hana miguu lakini anasafiri", akijibu mwenyewe kuwa ni mvuke. Wenzake watasema moshi. Watasema mto. Watasema barua, upepo, habari. Majibu yote hayo yanakubalika, basi mtungaji arudi akaongeze sifa mpaka mvuke peke yake ubaki: "Hana miguu lakini anasafiri, moto humzaa, baridi humgeuza maji." Katika kukaza maneno hayo ndimo mtoto anamojifunza tofauti ya mvuke na moshi, na hakuna maelezo yako ya ubaoni yatakayomfikisha hapo kwa haraka hiyo. Mwambie darasa zima kwamba kukuta jibu la pili ni ushindi kwa anayetegua. Watawinda majibu kwa bidii.

Wakishindwa kutegua, wanatoa mji, kama ilivyo desturi. Usiiache nafasi hiyo ipite bure. Chora ramani ya Pemba na Unguja ubaoni bila ya majina. Anayeshindwa akisema "nakupa Wete", sharti aende akaiweke alama ramani, na mtegaji, kabla ya kutoa jibu, aseme alikwenda Wete akaona nini, akala nini, kama wanavyofanya wazee. Watoto wa Makunduchi watajua Micheweni iko wapi, na wa Micheweni watajua Makunduchi. Kwa madarasa ya juu kataza miji ya Zanzibar, wakatafute ya Afrika Mashariki.

Mwisho wa kipindi kila jozi inaandika kitendawili chake kilichokazwa kwenye daftari la darasa. Baada ya muhula utakuwa na mkusanyiko wa marudio ambao wanafunzi wenyewe wameutunga.

Hatua ya tano: mafumbo ya kuwaza

Fumbo zuri ni lile ambalo mtoto anaweza kulijaribu kwa mikono, akakosea, akaanza upya bila ya aibu. Nitaeleza mawili.

La kwanza ni la chui, mbuzi na majani. Mtu ana mtumbwi unaobeba yeye na kitu kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Atawavusha vipi wote? Karibu kila darasa lina mtoto aliyewahi kulisikia, na kosa la walimu wengi ni kumpa huyo nafasi ya kulijibu. Usiruhusu jibu la mdomo. Kila watoto wawili wachore fukwe mbili kwenye daftari, waweke kizibo (chui), kokoto (mbuzi) na jani, na wavushe kweli kweli, wakiandika kila safari kwa nambari. Jibu lina safari saba: mbuzi anavushwa, mtu anarudi peke yake, majani yanavushwa, *mbuzi anarudishwa*, chui anavushwa, mtu anarudi peke yake, mbuzi anavushwa. Wengi watakwama safari ya nne, kwa sababu mtoto anaona kukirudisha alichokwisha kukivusha ni kupoteza. Waache wakwame kidogo.

Wakimaliza, uliza swali ambalo aliyelikariri fumbo hataliweza: kwa nini safari ya kwanza haiwezi kuwa ya mwingine ila mbuzi? Wanatakiwa waone kwamba jozi iliyo salama kuachwa ni moja tu, chui na majani. Na je, liko jibu jingine la safari saba? Liko: wabadilishane zamu chui na majani. Mtoto aliyeona hilo ameanza kuijua hoja ya hisabati.

La pili ni mraba wa 15. Chora mraba wenye vyumba tisa, watoto wawe na vizibo tisa vilivyoandikwa 1 hadi 9, wavipange ili kila safu, kila mstari wa kushuka na kila mshazari ujumlike 15. Mpangilio mmoja ni huu: juu 2, 7, 6, katikati 9, 5, 1, chini 4, 3, 8. Darasa la Tatu au la Nne watapata mazoezi mengi ya kujumlisha bila ya kulalamika, jambo ambalo orodha ya hesabu 20 ubaoni haifanyi. Kidato cha Pili waulize kwa nini ni 15 (jumla ya namba zote ni 45, na safu ni tatu), na kwa nini chumba cha kati lazima kiwe 5. Mistari inayopita katikati ni minne, jumla yake 60; humo kila namba imehesabiwa mara moja, isipokuwa ya kati iliyohesabiwa mara nne. Kwa hiyo 60 ni 45 na mara tatu ya namba ya kati.

Mraba wa maneno wa kujaza kwa vidokezo nao unafaa kwa marudio ya msamiati, ila kuuchora kunachukua muda na kuuchapa kuna gharama. Wape wanafunzi wa kundi moja kila wiki wautengeneze wao.

Hatua ya sita: bao na pishi katika hisabati

Bao la kete lina safu nne za mashimo manane na kete 64. Usijaribu kuwafunza mchezo kamili ndani ya kipindi. Namua na mtaji, yaani hatua zake mbili, vina mambo yake, na vina wazee wake barazani. Chukua ubao na mwendo tu. Mashimo yachorwe kwa chaki sakafuni, komwe au kokoto ziwe kete.

Upande wa mchezaji una mashimo 16 yanayozunguka. Yape nambari. Swali: nikichukua kete 5 kutoka shimo la 3 na kuziweka moja moja kuanzia la mbele yake, nitaishia wapi? La 8. Nikianza shimo la 11 na kete 9? Hesabu inasema 20, lakini shimo la 20 halipo. Tunaondoa 16, tunaishia la 4. Sharti la mchezo ni kila mtoto aandike jibu *kabla* kete hazijaguswa, kisha mmoja azitembeze na wote waone. Kukisia kabla ya kuona ndiko kunakofanya vichwa vyote vifanye kazi.

Kwa sehemu, tumia vipimo vya bibi zao. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, yaani pishi moja ina vibaba vinne. Kibaba basi ni robo ya pishi, kisaga ni nusu, na nusu kibaba ni thumni. Tengeneza kadi 24 kwa kila kundi la watoto wanne: 6 za kisaga, 10 za kibaba, 8 za nusu kibaba. Kila mtoto anapewa kadi nne, nane zinabaki zimefunikwa. Kwa zamu, mtoto anaokota moja na kuacha moja wazi mezani. Kadi za chini zikimalizika, zilizoachwa zinachanganywa upya na kufunikwa. Anayepata kadi nne zinazotimia pishi moja kamili, isizidi wala isipungue, ameshinda.

Kanuni inayoubeba mchezo: kabla ya kuokota, mchezaji aseme ana kiasi gani mkononi kwa sehemu ya pishi, "nina pishi na robo", na akilaza kadi nne mezani, wenzake watatu wazijumlishe kwa kuandika. Mzunguko ukishachezwa mara tatu nne, uliza: njia za kutimiza pishi kwa kadi nne ziko ngapi? Watoto watadhani ni nyingi. Ziko mbili tu: vibaba vinne, au kisaga kimoja, kibaba kimoja na nusu kibaba mbili. Wakidai kuna ya tatu, waambie wailete.

Nina sababu ya kutumia kadi za kuchora wenyewe badala ya karata, na kutotumia dadu kabisa. Wazazi wengi na walimu wa vyuo vya Kurani wanaviona hivyo viwili kama mlango wa kamari, na wana haki ya kuulizwa. Ukitaka namba ya bahati, tia vikaratasi ndani ya kifuu mtoto achomoe. Usiweke dau la aina yoyote, hata pipi. Na kabla ya kuanza, mwombe mwalimu mkuu dakika chache kwenye kikao cha kamati ya skuli, uwaonyeshe wazee kadi za pishi na uwaache wacheze. Utawapata kwa urahisi, kwa sababu wengi wao wanavijua vibaba kuliko wewe.

Hatua ya saba: kuendesha mchezo usikuponyoke

Kelele zitakuwepo. Mwambie mwalimu wa chumba cha jirani mapema, na mchague saa isiyomkwaza. Weka ishara moja ya kunyamaza na uifunze kabla ya siku ya mchezo: unainua mkono, kila anayeona anainua wake na kufunga mdomo. Usiishindanishe sauti yako na sauti 80.

Kanuni usizieleze kwa maneno kwa dakika kumi. Liite kundi moja mbele, licheze raundi moja wengine wakiwa wamesimama kulizunguka, kisha mwulize mtoto aliye nyuma kabisa azirudie kanuni. Akishindwa, hazijaeleweka, na kosa si lake.

Makundi yawe ya watu wanne, wasizidi watano. Kwenye kundi la wanane wawili watacheza na sita watatazama. Mpe kila mmoja jukumu linalozunguka: mwandishi, mkaguzi, mtunza vifaa, msemaji. Mtoto asiyeona vizuri akae na jozi inayosoma kwa sauti. Asiyesikia awe mahali anapoona midomo na mikono. Mwenye haya asilazimishwe kusimama mbele ya darasa, lakini ndani ya kundi la wanne atasema.

Kwa kipindi cha dakika 40 mimi hugawa hivi: 5 kichangamsho na kanuni, 15 kucheza, 12 mazungumzo, 8 kuandika. Mazungumzo na kuandika vikikatwa kwa sababu watoto wamenogewa, simamisha mchezo. Wataudai kesho.

Alama zipewe kundi, na zipewe maelezo kuliko jibu: jibu sahihi alama moja, sababu sahihi alama mbili. Anayeshindwa asiimbishwe wala kuchezeshwa mbele ya wenzake. Hiyo ni adhabu, hata kama darasa linacheka.

Hatua ya nane: dakika 12 za baada ya mchezo

Walimu wengi wanaoniambia "nimejaribu michezo, watoto walifurahi lakini mtihani walianguka" waliiacha hatua hii. Mtoto anaweza kucheza pishi mchana mzima asijue kwamba amejumlisha sehemu, mpaka mtu amsimamishe na kumwuliza. Maswali matatu yanatosha. Ulifanya nini uliposhinda au ulipokwama? Kwa nini ilikubali, au ilikataa? Hilo linaandikwaje kihisabati, au kisayansi?

Swali la tatu ndilo linalovusha mchezo kwenda kwenye daftari. "Kisaga, kibaba na nusu kibaba mbili" inaandikwa ubaoni ½ + ¼ + ⅛ + ⅛ = 1, na kila mtoto anaandika mikono yake miwili mitatu aliyoishika kwa namna hiyo. Katika madarasa ambayo somo linasomeshwa kwa Kiingereza, waache wabishane kwa Kiswahili wakati wa kucheza, kisha maneno ya Kiingereza yaje hapa, yakiwa na kitu cha kushikia.

Dakika mbili za mwisho kila mtoto anajibu swali moja kwenye kikaratasi bila ya kumwangalia mwenzake. Huna haja ya kusahihisha vyote 80. Chukua 15 kutoka sehemu tofauti za darasa, visome jioni. Kosa moja likijirudia katika vitano, ndilo la kuanza nalo kesho.

Pa kuanzia

Usianze na yote haya wiki moja. Anza na viganja na ngumi, kwa dakika tano, kwenye mada unayoisomesha sasa hivi. Wiki ya pili vitendawili vya kutunga. Kadi za pishi ziache mpaka umeona ishara yako ya kunyamaza inafanya kazi.

Weka daftari dogo: jina la mchezo, darasa, mada, muda uliokula, kilichokwama. Seti za kadi ziwe kwenye mfuko mmoja mmoja wenye orodha ya idadi yake juu, na mtunza vifaa wa kila kundi ahesabu kabla ya kurudisha. Mwalimu wa zamu ya mchana akiomba, mpe mfuko na ukurasa wa daftari unaohusika, na mwambie aandike chini ya maandishi yako kilichotokea kwake.